Mionzi imeisha, mbona dada hana nguvu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Dada yangu alitolewa uvimbe wa saratani kwenye titi, kisha akapigwa mionzi mara 15. Siku ya mwisho tulimfanyia kisherehe. Leo ni siku ya kumi, ngozi ndiyo kwanza inababuka, analala mchana kutwa, na jana alilia tu. Shemeji anasema anajidekeza. Watoto tumewakataza wasimkumbatie, tunaogopa mionzi. Tumsaidieje? – Mdogo mtu

JIBU: Marahaba mwanangu. Waachieni watoto wamkumbatie mama yao leo hii, ila wasilibane titi. Mionzi ya mashine haibaki mwilini.

Ngozi kuzidi kuuma siku hizi si ajabu. Mara nyingi huwa mbaya zaidi wiki moja au mbili baada ya mionzi kwisha, ndipo inapoa. Aoshe kwa maji ya vuguvugu na ajikaushe kwa kugusagusa, asisugue. Mimi nami nilipopigwa mionzi, sidiria niliitupa kabatini, nikavaa fulana ya pamba ya mume wangu nimeigeuza nje ndani, mishono isinikwaruze. Akitoka usaha au akipata homa, arudi hospitali bila kungoja tarehe.

Shemeji mwambie uchovu huu unaweza kudumu wiki kadhaa, hata miezi. Mimi kuna asubuhi nilifunga vifungo vitatu vya blauzi nikakaa kitandani kupumzika. Matembezi mafupi ya kila siku yatamsaidia kuliko kulala kutwa; mumewe atembee naye, badala ya kumhukumu.

Na kile kilio nakijua. Wakati wa matibabu kila siku kuna mtu anakuuliza umeamkaje. Ghafla unaambiwa nenda, tuonane baada ya miezi, na kila kichomi unadhani saratani imerudi. Ukimwambia "umeshapona, shukuru Mungu", unamfunga mdomo. Kaa, msikilize.

Ile "ukihitaji kitu sema" pia iache, hatasema. Mdogo wangu alikuwa anakuja Jumanne, haulizi, anabeba kapu la nguo chafu anaondoka nalo.

Kama alitolewa tezi za kwapani, mkono wa upande ule unaweza kuvimba hata miaka baadaye. Pete ikianza kumbana, au mkono ukawa mzito, amwone daktari mapema. Hata kikohozi kikavu kisichokwisha au pumzi kumkata asikinyamazie. Siku ya kliniki nenda naye na daftari. Mimi kila nilipofika mbele ya daktari, maswali yote yaliniruka.