Anayekuja Baada Yako: Ushauri kwa Anayekwenda Kuishi Japani

Kila mwaka, majina ya waliopata ufadhili wa masomo Japani yanapotangazwa, huwa napokea maswali kutoka kwa vijana wanaojiandaa kuondoka, na maswali yenyewe hufanana: baridi ikoje, chakula kikoje, lugha ni ngumu kiasi gani. Wana haki ya kuuliza, lakini mtu akishanunua koti na kulijua duka la mchele, baridi na chakula huacha kumhangaisha. Kinachomsumbua mgeni kwa muda mrefu zaidi ni desturi ndogo ndogo za kila siku, ambazo hakuna atakayemketisha chini kumweleza na ambazo, akizivunja, hakuna atakayemkemea. Niliishi Kyoto nikiwa mwanafunzi, katika jengo la kupanga lenye majirani wa kila namna, na ushauri ninaoutoa hapa umetokana na maisha ya jengo lile na mtaa wake.

Sisi tuliokulia pwani ya Afrika Mashariki tumefunzwa tangu utotoni kwamba heshima hutolewa uso kwa uso. Unampa mkubwa shikamoo, unamuuliza jirani habari za nyumbani, za watoto na za tangu jana, unapiga hodi mara tatu na usipoitikiwa unaondoka. Japani nayo ina maamkizi yake na kuinamiana kwake, lakini sehemu kubwa ya adabu yao humlenga mtu ambaye hamtaonana: atakayetumia maji baada yako, atakayepita njia uliyopita, atakayeubeba mfuko wako wa taka. Naamini kwa dhati kwamba mgeni akilishika hilo mapema, mambo mengi yanayoonekana kumbana bure yatamwelea bila kufundishwa.

Anza na taka. Nasema hivyo bila kusita, kwa sababu majirani watakujua kwa taka zako kabla hawajakujua kwa jina. Sheria inamtaka mgeni aandikishe anwani yake katika ofisi ya wilaya ya mji ndani ya siku 14 tangu ahamie. Siku hiyohiyo omba kalenda ya taka ya mtaa wako na uibandike kwenye mlango wa jokofu. Kyoto, taka za kuchomwa hutiwa katika mifuko ya manjano inayouzwa madukani, utaratibu ulioanza Oktoba 2006, na huzolewa mara mbili kwa wiki. Vifungashio vya plastiki vina siku yake, na makopo, chupa za vioo na chupa za plastiki vivyo hivyo. Mfuko hutolewa asubuhi ileile ya kuzolewa, kabla ya saa 2, wala hautolewi usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa kuwa kunguru wa Japani ni wakubwa na hodari wa kupasua mifuko; ndiyo maana mifuko hufunikwa kwa wavu, nawe ukishaweka wako urudishe wavu kama ulivyoukuta. Ukichanganya taka zisizochanganywa, mzoaji atauacha mfuko palepale akiwa ameubandika karatasi inayoeleza kasoro, nao utakaa mbele ya macho ya mtaa mzima mpaka mwenyewe aurudishe ndani.

Chupa moja ya plastiki inatosha kuonyesha jinsi mambo yalivyofikiriwa. Kifuniko hufunguliwa na kutengwa. Karatasi ya plastiki yenye jina la kinywaji imetobolewa mstari wa vitundu vidogo ili ichanike kwa kuvutwa mara moja, nayo hutupwa pamoja na vifungashio. Chupa husuuzwa, hubanwa ikawa bapa, ndipo inapotiwa mfukoni. Bibi mmoja wa ghorofa ya chini katika jengo letu alikuwa akizianika chupa zake dirishani zikauke kabisa kabla ya kuzitoa, ili mzoaji asirukiwe na maji. Hakuna kanuni iliyomlazimisha kwenda umbali huo. Kuna mji mdogo uitwao Kamikatsu, katika mkoa wa Tokushima, ambako wakazi hutenga taka zao katika mafungu zaidi ya 40, kwa hiyo anayelalamikia mafungu machache ya Kyoto ajue kwamba wapo wanaobeba zaidi.

Asubuhi utawaona pia wazee wakifagia mbele ya milango yao, jambo ambalo halitamshangaza mtu aliyelelewa na bibi aliyeamka alfajiri kufagia uwanja. Tofauti iko kwenye mpaka. Mkazi wa Kyoto hufagia eneo lake, kisha huvuka kidogo tu kuingia eneo la jirani. Asipovuka kabisa ataonekana mchoyo, na akifagia lote atakuwa amemwaibisha mwenziwe na kumtwisha deni la kulipa fadhila. Nimeutaja ufagio huo kwa makusudi, kwa sababu watu wetu tuna mkono mwepesi wa kusaidia, na huko msaada mkubwa usioombwa unaweza kumlemea anayepewa. Saidia kidogo kwanza, kisha uone anavyopokea.

Barabarani hutaona mapipa ya taka, na wageni wengi hulalamika. Mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sumu iitwayo sarin katika treni za chini ya ardhi za Tokyo tarehe 20 Machi 1995, na watu wakazoea kurudi nyumbani na taka zao. Weka mfuko mdogo ndani ya begi lako kila utokapo.

Kuhusu viatu, kila mtu ameshasikia kwamba Wajapani huvua mlangoni, na kwa watu wetu hilo si geni, kwani wengi tumezoea kuacha viatu nje ya mkeka. Yapo hata hivyo mambo matatu ambayo mgeni hawezi kuyakisia. Sakafu ya mlangoni imeshushwa chini ya sakafu ya nyumba, na ukishavua viatu hupaswi kuikanyaga kwa soksi, bali upande moja kwa moja juu. Viatu hugeuzwa ncha zikatazama nje. Ndala za ndani huvuliwa kabla ya kukanyaga mikeka ya tatami, na chooni kuna ndala nyingine zinazokaa humo humo. Ukitoka nazo na kuingia nazo sebuleni, wenyeji watanyamaza, lakini hakuna atakayekosa kuziona. Vaa soksi zisizotoboka.

Bafu linahitaji maelezo zaidi. Katika nyumba ya Kijapani, beseni kubwa la maji ya moto ni la kujipumzisha, na maji yake hutumiwa na familia nzima, mtu baada ya mtu. Kwa hiyo mwili husafishwa nje ya beseni, mtu akiwa amekaa kwenye stuli ndogo, kwa sabuni na maji ya kujimwagia, na mapovu yote huoshwa kabla ya kuingia. Mara nyingi mgeni hupewa nafasi ya kwanza, na hiyo ni heshima kubwa. Usiifute kwa kuzibua maji ukimaliza, maana nyuma yako kuna baba, mama na watoto wanaoyasubiri. Katika bafu za umma utaratibu ni huohuo: taulo halitiwi majini, na stuli husuuzwa na kurudishwa mahali pake. Bafu hizi zina upande wa wanaume na upande wa wanawake, na watu huingia uchi. Kwa Mwislamu hili ni zito, na simshauri avunje stara yake ili apendeze wenyeji. Hoteli nyingi za chemchemi za maji moto zina bafu dogo la faragha linalokodishwa kwa muda maalumu. Uliza hilo mapema, na wenzako watakuelewa. Mwenye michoro ya kuchanjwa mwilini naye aulize, kwa sababu bafu nyingi hazimruhusu. Vyoo, kwa upande mwingine, vitamfurahisha mtu wa pwani, kwani vyenye bomba la kunyunyiza maji, ambavyo kampuni ya TOTO ilianza kuuza kwa jina la Washlet mwaka 1980, vimeenea karibu kila mahali, na hatalazimika kubeba kopo.

Jambo ambalo naona linawaponza zaidi watu wetu ni sauti. Kuta za vyumba vya kupanga ni nyembamba, na saa za Japani ziko mbele ya zetu kwa saa 6. Mama yako akishamaliza kazi zake na kupata nafasi ya kuzungumza saa 3 usiku Dar es Salaam, kwako ni saa 9 usiku, na mazungumzo ya familia yetu hayafanywi kwa kunong'ona. Jirani hatakugongea ukuta wala mlango. Atapiga simu kwa kampuni inayosimamia jengo, na baada ya siku chache tangazo litabandikwa karibu na lifti au kutiwa katika visanduku vya barua vya wapangaji wote, likiomba kwa upole kwamba watu wapunguze sauti usiku, bila kumtaja yeyote. Ushauri wangu ni huu: kila tangazo la namna hiyo lisome kana kwamba limeandikiwa wewe, ujikague, urekebishe, na usimtafute aliyelalamika. Na kwa simu za nyumbani, piga saa 9 alasiri ya huko, ambapo kwetu ni saa 3 asubuhi na mama ameshakunywa chai.

Ndani ya treni vilevile, simu huzimwa mlio na haipokelewi, begi la mgongoni huletwa kifuani ili lisimsukume aliye nyuma, na kabla ya kupanda watu husimama kwenye mistari iliyochorwa jukwaani. Kuhusu muda sina haja ya kusema mengi. Mwaka 2017 kampuni ya Tsukuba Express iliomba radhi hadharani kwa sababu treni yake moja iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati. Ukialikwa saa 4, fika saa 4 ileile.

Mezani mwenyeji hatakudai ustadi wa vijiti, na hatachukizwa ukiomba kijiko. Yapo makosa mawili tu yanayoumiza: kusimamisha vijiti katikati ya wali, na kupokezana chakula kijiti kwa kijiti. Wali uliosimamishiwa vijiti huwekwa mbele ya maiti, na baada ya maiti kuchomwa, ndugu huokota mifupa kwa vijiti wakipokezana. Ndiyo maana meza nzima huweza kunyamaza ghafla. Anayekula halali aulize pia kuhusu mchuzi wa soya na vikolezo, kwa kuwa baadhi vina kileo. Kwa mtu wa Kyoto au Osaka, Kobe si mbali kwa treni. Mji huo una msikiti uliojengwa mwaka 1935, na maduka ya nyama ya halali yako jirani nao.

Siku za mwanzo baada ya kuhamia, pita kwa majirani wa pande zote mbili, na wa juu na chini yako, ukiwa na zawadi ndogo. Taulo dogo au biskuti zinatosha. Sema jina lako, inama kidogo, kabidhi kwa mikono miwili kama unavyomkabidhi mzee wa kwetu, na uondoke. Usingoje kukaribishwa ndani. Wengine wamekwisha kuiacha desturi hii mijini, lakini mgeni anayeitimiza hufunguliwa milango mingi. Ukirudi kutoka safari, wapelekee wenzako wa ofisini au maabara kitu cha kula kilichofungwa kimoja kimoja, ili kila mtu achukue chake. Kahawa yetu ni zawadi bora kuliko zote, maana Wajapani huijua kahawa ya Tanzania kwa jina la Kilimanjaro, na utapata mazungumzo ambayo vinginevyo yangechukua miezi kuanza. Tafuta pia mtu wa kumuuliza yale yasiyosemwa. Chuo Kikuu cha Osaka hufundisha Kiswahili, na wanafunzi wake hufurahi sana kumpata mzungumzaji. Mpe mazoezi ya lugha, naye atakufafanulia kwa nini mwalimu wako alikaa kimya ulipomwomba jambo lile.

Kitu kikikupotea, nenda kwenye kibanda cha polisi cha mtaa kabla ya kukata tamaa. Sheria ya vitu vilivyopotea inaagiza vitunzwe kwa miezi 3, na aliyeokota ana haki ya kudai zawadi ya asilimia 5 hadi 20 ya thamani ya kitu. Mtu asiyekujua atakuwa amekatiza safari yake kukipeleka pale, nawe ukiokota cha mwenzio ufanye vivyo hivyo.

Mwisho, siku ya kuingia chumbani piga picha kila mkwaruzo wa sakafu na ukuta, kwa kuwa siku ya kutoka utatakiwa ukirudishe katika hali yake, na gharama za ukarabati hukatwa kwenye amana yako. Fedha ya shukrani kwa mwenye nyumba, inayofanana na kilemba chetu, hairudi. Itoe moyoni mapema. Kitanda, kabati na meza havitupwi bure: lazima upange siku na ofisi ya taka na ununue stika ya malipo ya kubandika juu ya kila kimoja. Jokofu, mashine ya kufulia, televisheni na kiyoyozi vina sheria yake tangu 2001, na hugharimu zaidi. Mwaka wa masomo na wa kazi huanza Aprili, kwa hiyo mwezi Machi nchi nzima inahama na nafasi hujaa. Panga yote hayo Februari, na vitu vizuri uvitangaze kwa wanafunzi wapya, ambao watakuwa wanatafuta jokofu wiki ileile unayohangaika kuondoa lako.