Raha ya kalamu za wino

Dada, umeuliza raha iko wapi kukusanya kalamu za wino wakati bolpeni inaandika vilevile. Haiandiki vilevile! Bolpeni hutaka uikandamize ili kile kijipira kizunguke. Kalamu ya wino ikigusa tu karatasi, wino unashuka wenyewe, na mkono hauchoki hata ukiandika kurasa nyingi.

Ninayoipenda kuliko zote ni Parker 51, iliyotoka mwaka 1941. Ncha yake ya dhahabu imefunikwa karibu yote, kimebaki kijincha tu kwa nje, ndiyo maana haikauki upesi ukisita kutafuta neno. Zile za kuanzia 1948 zina kimfuko cha plastiki ndani: unachovya ncha kwenye wino, unaminya, unaachia, inajaa. Nyingi zimekaa kwenye droo miaka na miaka, na zikioshwa kwa maji ya baridi zinaandika tena. Kuifufua moja ya hizo ni furaha ya pekee, amini.

Kwa kuanzia chukua Lamy Safari, ni ya plastiki ngumu na ncha yake hubadilishwa kirahisi. Usitie wino wa muhuri wala ule mzito wa kuchorea, utaganda ndani. Na tafuta daftari lenye karatasi nzuri, maana karatasi hafifu hunywa wino na herufi zikatawanyika.

Ukiiona ya zamani inauzwa, fungua kifuniko kwanza: meno mawili ya ncha yawe sawasawa, yasipishane.