Kibiongo ni mtu, ni hali, au ni namna ya kukaa?

Swali: Mimi ni mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Nikimwona mtu ameketi huku mgongo umepinda na mabega yameanguka mbele, humwambia, "Usikae kibiongo." Juzi mwenzangu alinikosoa. Anasema kibiongo ni mtu mwenye nundu mgongoni, hivyo haliwezi kuwa jina la mkao, na tena ni tusi. Je, nimekuwa nikikosea? Na nisemeje?

Jibu: Naomba nianze na hoja ya mwenzako kwamba kibiongo ni mtu tu, kwa kuwa hapo hayuko sahihi kabisa. Neno hili lina kazi mbili, na upatanisho wa sarufi ndio unaotuonyesha ipi ni ipi. Tukisema "kibiongo yule amefika, vibiongo wale wamefika", tunamtaja mtu, na kitenzi kinafuata a-/wa- kama inavyokuwa kwa kiziwi na kipofu. Tukisema "ana kibiongo" au "kibiongo chake kilianza utotoni", tunataja hali ya mgongo, na upatanisho unakuwa wa ki-/vi-. Neno kichaa linatumika vivyo hivyo: kuna kichaa aliyepita njiani, na kuna kichaa kilichompata mtu. (Utakutana pia na tahajia "kibyongo". Ni neno lilelile.)

Sasa, je, linaweza kueleza namna? Kiswahili kimezoea kueleza jinsi mwili ulivyokaa kwa maneno yenye ki- mwanzoni: mtu hukaa kitako, hulala kifudifudi, huanguka kingalingali. Sikio lililozoea maneno hayo likisikia "ametembea kibiongo" au "usikae kibiongo" halishtuki, linaelewa mara moja. Kwa hiyo sarufi haikukatazi.

Ninachokipinga mimi ni maana. Kibiongo ni umbo ambalo mwenyewe halivui kwa kutaka. Mtu anaweza kuzaliwa nalo, au likaletwa na uzee, au na kifua kikuu cha uti wa mgongo ambacho hula pingili za uti mpaka zikaporomoka na mgongo ukatokeza nyuma. (Hili lisichanganywe na mgongo wazi, ambao ni tatizo jingine kabisa la kuzaliwa nalo, pale uti unapokuwa haukufunga vizuri.) Mtu aliyeinamia simu saa nzima hana lolote kati ya hayo. Ukimwambia aketi wima, ataketi wima.

Na lugha yenyewe imetenganisha mambo haya mawili kwa namna ninayoipenda sana. Kitu ambacho mwili unakifanya na kukitengua, Kiswahili hukipa kitenzi, na mara nyingi kitenzi hicho kina mwenzake wa kukirudisha nyuma. Tazama inama na inuka: mzizi ni ule ule, in-, ila mmoja umevaa -ama, kiambishi cha mwili uliotulia katika hali fulani kama katika simama na chutama, na mwingine umevaa -uka. Tazama pia kunja na kunjua, jikunja na jikunjua. Kibiongo hakina neno la kukitengua. Hakuna kitenzi cha "kujiondoa kibiongo" kwa pumzi moja kama tunavyojikunjua, na nadhani wazungumzaji hawakukihitaji kwa sababu walijua wanazungumzia kitu cha kudumu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni utumie vitenzi, na uvitumie na -me-. Vitenzi vya mkao vikivaa -me- hueleza hali iliyopo sasa: amekaa, amesimama, ameinama. "Unajikunja" inasikika kama tabia yake au kama kitendo ambacho bado kinafanyika. "Umejikunja" inamwonyesha alivyo dakika hii, nawe unaweza kuongeza papo hapo: "jikunjue" au "nyoosha mgongo".

Ila chagua kitenzi kwa uangalifu. Kuinama ni kushusha kichwa na kiwiliwili mbele, na si kosa: anayeokota kitu huinama, anayesali huinama. Kujikunyata kuna sababu ya ndani, kama vile baridi, hofu au huzuni. Ukimwambia mtu "umejikunyata" atakujibu kuwa hasikii baridi. Kujikunja na kupinda mgongo ndiyo maneno yaliyo karibu zaidi na unachokiona wewe.

Kwa jina la jumla, sema mkao. Linatokana na kaa, kwa umbo lile lile la mwendo kutoka enda, na leo linatumika hata kwa mtu aliyesimama. Usijaribu msimamo, kwani limehamia kwenye fikra: "ana msimamo mbaya" ni lawama juu ya maoni yake. Kikao nalo limeshachukuliwa na mikutano.

Na hapa kuna mtego ambao huenda umeshakunasa darasani. Ukipaza sauti, "Mmekaa vibaya!", wengi watavuta nguo na kubana miguu kabla ya kukumbuka mgongo. Ni kwa sababu Kiswahili kina lawama nyingine ya zamani kuhusu kukaa, yaani kukaa kihasara: kuketi ovyo mpaka mwili usiostahili kuonekana ukaonekana. Hiyo ni lawama ya staha, na haigusi uti wa mgongo hata kidogo. Taja mgongo waziwazi: "migongo imepinda", "mabega yamelala mbele".

Kuhusu tusi, hapo mwenzako namuunga mkono kwa moyo wote. Kumwita mtu "kibiongo" ni kumfanya umbo lake liwe jina lake, na wengi huumia. Tukihitaji kumtaja, tuseme "mwenye kibiongo", mtu atangulie na hali ifuate. Na darasani kwako anaweza kuwamo mwenye kibiongo halisi, amekuja kutafuta nguvu za misuli kama wengine. Kila unapowaambia walio karibu naye "msikae kibiongo", yeye anasikia mwili wake ukitolewa mfano wa kosa.