Wifi ameona vidonge, mtaa unanong'ona

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 43, nakaanga vitumbua na kuuza chai hapa Tanga. Mwezi uliopita nilipimwa sukari kabla ya kula, ikasoma 14. Nikapewa vidonge vya aina mbili, metformini na glibenklamaidi. Sijamwambia mume wangu. Marehemu baba alikatwa mguu kwa ugonjwa huu, na ukweni walishasema zamani kwamba ukoo wetu una mkosi. Vidonge nilivificha kwenye kopo la iliki, wifi akaviona, sasa mtaani wananong'ona nimeanza dozi ya ukimwi. Ugali na wali nimeacha kabisa. Vidonge nameza alfajiri nikiwasha jiko, tumbo linavurugika, na ikifika saa nne natokwa na jasho la baridi, mikono inatetemeka. Jirani ananiambia niachane na vidonge, ana unga wa mitishamba unaoponya. Nifanyeje?
Mama Vitumbua, Tanga

Marahaba, mwanangu.

Wifi atangoja. Mume naye atangoja mpaka jioni. Tuanze na hilo jasho la saa nne, maana ndilo linaloweza kukuangusha juu ya mafuta ya moto.

Glibenklamaidi hushusha sukari, uwe umekula au hujala. Wewe unaimeza tumbo tupu, unasimama jikoni hadi jua kali, na chakula chenyewe umeshakipiga marufuku. Sukari inashuka kupita kiasi, ndiyo kutetemeka huko. Ikikujia tena, acha wateja wapige kelele. Koroga vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye maji unywe, au nusu chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Kaa chini dakika 15. Hujatulia, rudia. Ukitulia, kula chakula. Ndiyo, mwenye kisukari huyohuyo anapewa sukari, na anayekusaidia hapo kibandani alijue hilo. Tena ajue kwamba ukizimia asikumiminie kitu mdomoni, akukimbize hospitali.

Tarehe ya kliniki usiingoje. Nenda kesho, uwaambie saa unazoamka, saa unazokula na hilo jasho. Waliokuandikia dozi hawakujua umeacha kula. Huenda wakaipunguza au wakabadilisha dawa. Hadi hapo, kidonge kisitangulie chakula. Metformini nayo humezwa pamoja na chakula au baada yake, na tumbo kuvurugika wiki za mwanzo huwapata wengi, kisha hutulia. Likigoma kutulia, ipo ile inayoyeyuka polepole, waulizie.

Na ugali, nani alikukataza? Sahani yako igawe: nusu mboga, mchicha au matembele, robo samaki au maharage, robo iliyobaki ugali wa ukubwa wa ngumi yako, wa dona ukipatikana. Chakula hichohicho cha familia, sufuria moja. Chungwa la Muheza kula moja, ila usiyakamue manne kwenye glasi. Asali ni sukari pia, hata iwe ya Tabora.

Kuna jambo hukuliandika, lakini nimekaa na wakaanga vitumbua wa kutosha. Unaonja unga kama sukari imekolea. Kile cha kwanza kilichong'ang'ania kwenye chuma, unakila. Vilivyoungua havinunuliki, vinateremka na chai, na chai ya biashara nadhani si ya kijiko kimoja. Hapo ndipo sukari inapoingilia, wewe ukidhani hujala kitu tangu asubuhi. Pima sukari ya unga kwa kikombe kilekile kila siku, na kazi ya kuonja mpe mwingine.

Ni kweli kisukari hutembea katika familia, sitakuficha. Watoto wako wakishakuwa watu wazima nao wapime. Lakini mguu wa baba yako haukukatwa na mkosi. Sukari ikikaa juu kwa miaka, miguu hufa ganzi na damu hufika huko kwa shida. Mtu anakanyaga kaa la moto hasikii, kidonda kinachimba ndani kwa ndani, na anapokuja kukiona kimeshaoza. Wewe unashinda mbele ya jiko la mkaa, na kandambili nadhani. Tafuta viatu vinavyofunika vidole. Kila usiku kagua nyayo na katikati ya vidole, pasipoonekana weka kioo sakafuni. Macho yapimwe kila mwaka.

Unga wa jirani? Muulize ana kipimo gani kinachoonyesha kisukari kimekwisha. Hana. Tuendelee.

Sasa mumeo. Leo jioni, akishakula. Usimtangulizie "kuna jambo nataka tuongee", atawaza makubwa. Lete lile kopo la iliki na kadi yako ya kliniki, viweke mbele yake. Mwambie: "Baba watoto, nina kisukari. Nilikuficha kwa ajili ya yale maneno ya ukweni. Vidonge vyenyewe ni hivi." Kisha nyamaza, umwache aulize. Mnong'ono huenda umeshamfikia kabla yako, na bado anarudi nyumbani kula. Mtu wa namna hiyo anastahili kuambiwa na mkewe. Kesho muombe mwende naye kliniki, asikie kwa nesi jinsi ya kukusaidia ukitetemeka. Akikasirika kwamba umemficha, ana haki, muombe radhi kwa hilo. Kwa kuugua huna radhi ya kuomba.

Wifi usimfuate. Kaka yake ndiye atakayemwambia, kwa maneno machache, na mtaa utajirekebisha wenyewe kwa kasi ileile uliyotumia kuvumisha. Hata vingekuwa vidonge vya ARV, ni dawa tu, na hakuwa na ruhusa ya kuvitangaza.

Usiku huu weka kiporo kidogo tayari, ule kabla ya kuwasha jiko. Ukishatoka kliniki niandikie, unieleze wamebadilisha nini. Na wifi amesema nini, hilo nalo nataka kulisikia.