Kabla ya kulipa ada ya chuo cha jamii Marekani, chuo cha pili kikuandikie

Usilipe hiyo ada Jumatatu. Umeuliza ubora na udhaifu wa elimu ya Marekani, kuanzia shule za watoto hadi vyuo vikuu, lakini mimi nimekwama kwenye mstari wako wa mwisho, kwamba wakala amekupatia nafasi katika chuo cha jamii cha miaka miwili na amekuhakikishia kuwa ukimaliza hapo utaingia mwaka wa tatu wa chuo kikuu chochote. Maneno hayo niliambiwa mimi pia, neno kwa neno, na niliyalipia.

Kwenye karatasi mpango huo ni mzuri, na ndio uzuri mkubwa wa mfumo wao: shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120 (alama za uzito ambazo kila somo unalofaulu hukupatia), karibu 60 unaweza kuzipata kwa ada nafuu katika chuo cha jamii, na unaweza kubadili fani hata baada ya mwaka mzima bila mtu kukuona umepotea, tofauti na kwetu ambako mchepuo wa kidato cha tano hukuandama hadi uzeeni. Kasoro imejificha humo humo. Sheria inaizuia Idara ya Elimu ya serikali kuu kuingilia mitaala, na hakuna chombo cha taifa zima cha kukimbilia, kama TCU, tume yetu ya vyuo vikuu Tanzania. Chuo kikuu unachohamia ndicho kinachoamua krediti zako zina thamani gani.

Nilimaliza miaka miwili ya uhasibu nikiwa na krediti 62 na alama nzuri, nikahamia chuo kikuu cha jimbo jirani. Barua ilisema krediti 53 zimepokelewa, nikapiga simu nyumbani kushangilia. Sikujua kwamba kupokelewa na kuhesabiwa ni mambo mawili. Mshauri wa masomo alinionyesha kuwa 24 kati ya hizo zimewekwa kwenye fungu la masomo ya hiari: zinaonekana kwenye transkripti, zinapendeza, na hazipunguzi hata somo moja kati ya yanayotakiwa kwa shahada ya uhasibu. Masomo yangu mawili ya misingi ya uhasibu yalikuwa humo. Niliyarudia, nikarudia takwimu, nikarudia hata historia ya Marekani, hivi kwamba leo ukiniamsha usiku wa manane nitakupangia majenerali wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kwa vyeo vyao, maarifa ambayo hakuna mteja wangu wa hesabu aliyewahi kuyaulizia.

Ilikuwa mihula mitatu ya ziada, kwa ada ya mwanafunzi wa nje ya jimbo, bila mkopo wa serikali kuu kwa kuwa mwenye F-1, viza ya mwanafunzi wa kigeni, hastahili, na kazi niliyoruhusiwa ilikuwa saa 20 kwa wiki ndani ya chuo, kuosha vyombo bwaloni. Baba aliuza kiwanja cha Kibaha. Nilimwambia kwamba mtaala umebadilika.

Wakala nilipompigia alinijibu kwamba krediti ni krediti, akakata simu. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba baadhi ya vyuo huwalipa mawakala kamisheni kwa kila mwanafunzi, kwa hiyo kazi yake ilikwisha siku niliyojisajili. Na usidhani ni mkosi wangu pekee: mwaka 2017 GAO, ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la Marekani, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao.

Kwa hiyo anza na chuo cha pili. Kiandikie kitivo unachotaka kumalizia, taja kila somo kwa namba yake, uliza linachukua nafasi ya somo gani katika shahada yako, na jibu liwe la maandishi. Wakikujibu tu kwamba watazipokea, uliza tena. Ukienda California, tovuti ya ASSIST inaonyesha masomo ya vyuo vya jamii yanavyolingana na ya vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo; Florida wana mfumo mmoja wa namba za masomo kwa vyuo vya umma. Silabasi zako usitupe hata moja, kwani kwa rufaa yenye silabasi nilirudishiwa krediti 6.

Shule za watoto hutegemea sana kodi ya majengo ya eneo, kwa hiyo ubora wake hufuata mtaa utakaopanga. Hayo wengine watakueleza vizuri zaidi. Wewe andika hiyo barua pepe leo. Saa kumi jioni ya kwetu, ofisi za pwani yao ya mashariki ndiyo kwanza zinafunguliwa.