1.2, het, SVL: lugha ya wafugaji na watafiti wa reptilia na amfibia

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma biolojia na ninajiandaa kufuga chatu wa spishi ya Python regius, ila kila ninaposoma nakwama kwenye istilahi. Tangazo la mfugaji limeandikwa "Python regius 1.2, CB, 66% het alibino". Makala ya utafiti niliyopewa chuoni inataja SVL, ektothemi, ekdisisi na "hatua ya 42 ya Gosner" bila maelezo. Kitabu cha zamani kina nyoka wa Marekani anayeitwa Elaphe guttata, kipya kinasema Pantherophis guttatus: ni wawili au mmoja? Na je, gamba alilovua nyoka linaweza kutumika kupima urefu wake?

JIBU: Marahaba. Nianze na tangazo, maana hapo ndipo watu wanapotoa pesa kwa kitu wasichokielewa.

Hizo namba zenye nukta si desimali. Namba ya kwanza ni madume, ya pili majike, na ya tatu, ikiwepo, ni wale ambao jinsia yao haijathibitishwa. Kwa hiyo 1.2 ni dume mmoja na majike wawili, na 0.0.5 ni watano wasiojulikana. Hiyo ya tatu hutokea sana kwa nyoka wadogo. Dume ana viungo viwili vya uzazi, vyote vimejificha ndani ya shina la mkia, hivyo kwa kumtazama tu huwezi kusema ni dume au jike. Mfugaji mzoefu huingiza kijiti chembamba, laini, kupitia kloaka, yaani tundu moja la haja na uzazi, kuelekea mkiani na kusoma kimeenda umbali gani. Usijaribu kazi hiyo kabla hujafundishwa na mtu anayeiweza. Ukisukuma kwa nguvu unamjeruhi mnyama mahali asipopona kirahisi.

CB ni mnyama aliyezaliwa kizimbani kutoka kwa wazazi waliopandana kizimbani. Usiichanganye na CH, yaani mayai yalitungwa porini lakini yakaanguliwa mikononi mwa watu. Python regius wengi wanaouzwa nje kutoka Togo, Benin na Ghana ni wa namna hiyo: majike wenye mimba au mayai huchukuliwa porini, watoto wakaanguliwa, kisha wakasafirishwa. WC ni yule aliyekamatwa porini moja kwa moja. Huyu mara nyingi huja na kupe na minyoo, na anaweza kukataa chakula kwa muda mrefu. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni CB tu, na uulize wazazi wako wapi. Mfugaji mkweli atakuonyesha. Kumbuka pia kwamba spishi hii imo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliosainiwa mwaka 1973. Kumvusha mpaka wa nchi kunahitaji kibali, hata awe CB.

Sasa "66% het", inayowachanganya wengi kuliko zote. Het ni kifupi cha kusema mnyama amebeba nakala moja ya jeni fifishi, kwa hiyo anaonekana wa kawaida lakini anaweza kuirithisha. Ualibino wa Python regius hurithiwa hivyo: ili uonekane, mtoto lazima apate nakala mbili, moja kwa kila mzazi. Ukipandisha het na het, kwa wastani katika kila watoto wanne mmoja atakuwa alibino, wawili watabeba jeni bila kuionyesha, na mmoja hatakuwa nayo kabisa. Mtoe alibino, kwa kuwa yeye anajulikana kwa macho. Wanabaki watatu wanaofanana, na wawili kati yao ni wabebaji. Theluthi mbili hizo ndizo asilimia 66.

Maana yake, 66% ni uwezekano, si kiasi cha jeni ndani ya nyoka. Nyoka huyo ama anayo, ama hana. Unaweza kununua majike wawili wa "66% het", ukawalea miaka mpaka wakomae, na usipate alibino hata mmoja, bila mtu yeyote kukudanganya. "100% het" ni jambo jingine: mzazi mmoja alikuwa alibino, hivyo kila mtoto lazima amebeba. "50% het" hutokea mzazi mmoja akiwa het na mwingine hana jeni hiyo.

Rangi na michoro hiyo ya kurithi huitwa mofu, na mofu si spishi wala nususpishi. Alibino na wa kawaida ni nyoka wa aina moja, wenye mahitaji yaleyale. Lakini si kila mofu haina madhara. Ile inayoitwa Spider huambatana na tatizo la mishipa ya fahamu: kichwa hutikisika, na nyoka hushindwa kulenga anapotaka kushika windo. Kwangu mimi mofu hiyo haistahili kuzalishwa, hata ipendwe vipi sokoni.

Tuje kwenye makala yako. SVL ni urefu kuanzia ncha ya pua hadi kwenye tundu la kloaka, mkia ukiachwa nje. Watafiti hawautegemei urefu wote kwa sababu mijusi wengi hukata mkia wakikamatwa, tabia inayoitwa ototomia, na mkia unaoota upya mara nyingi huwa mfupi kuliko wa awali. Ukilinganisha mijusi wawili kwa urefu wote, mmoja akiwa amewahi kupoteza mkia, unalinganisha ajali badala ya ukuaji. Kobe hupimwa gamba la mgongoni, kwa mstari ulionyooka.

Ektothemi ndilo neno ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Ni mnyama anayepata joto la mwili kutoka nje, kwa jua, mwamba uliopashwa au taa. Watu husema "damu baridi", na kwa msemo huo huo wanaweka taa moja hafifu na kuridhika. Mjusi wa jangwani anaweza kuwa na joto la mwili linalopita nyuzi 40 za Selsiasi, kuliko lako wewe. Anachokosa ni tanuri la ndani, basi hulazimika kutembea kati ya jua na kivuli ili ajirekebishe. Mmeng'enyo wa chakula, kinga ya mwili na kasi ya misuli vyote vinategemea safari hizo fupi. Chatu aliyekula kisha akakaa kwenye baridi anaweza kutapika windo zima.

Miaka ya 1970 mtafiti Matthew Kluger na wenzake walionyesha jambo hili kwa uzuri kwa kutumia Dipsosaurus dorsalis, mjusi wa majangwa ya Marekani na Meksiko. Mijusi walioambukizwa bakteria walijichagulia sehemu yenye joto zaidi ya kawaida yao. Yaani walijitengenezea homa kwa miguu yao. Na waliowekwa kwenye joto la juu walipona zaidi kuliko waliozuiliwa kwenye joto la chini. Ndiyo maana wafugaji husisitiza mteremko wa joto: upande mmoja wa kizimba uwe wa kuota joto, mwingine wa kupoa, na mnyama aachiwe kuchagua. Kizimba chenye joto moja kila mahali kinamnyima dawa yake ya kwanza. Pima pande zote mbili kwa kipimajoto. Mkono wako si kipimo.

Hatua za Gosner ni za vyura. Mwaka 1960 mtafiti aitwaye Gosner aligawa ukuaji wao, tangu yai hadi chura mdogo kamili, katika hatua 46. Hatua ya 42 ni pale miguu ya mbele inapotokeza kwa kiluwiluwi. Kwa mfugaji ni wakati wa hatari, kwa sababu mnyama anaacha kupumulia maji na anaweza kuzama akikosa mahali pa kupanda. Weka mteremko wa mawe au gome kabla miguu hiyo haijatoka.

Kuhusu majina: ni nyoka mmoja. Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyeweka mfumo wa majina haya, alimwita Coluber guttatus mwaka 1766, baadaye nyoka huyo akahamishiwa jenasi (kundi la spishi zenye undugu) ya Elaphe, na sasa yuko Pantherophis kwa sababu nyoka hao wa Marekani wana nasaba tofauti na Elaphe wa Ulaya na Asia. Mwisho wa jina la pili ulibadilika ili ukubaliane na jinsi ya jenasi mpya kwa Kilatini. Ukikuta "(Linnaeus, 1766)" ndani ya mabano, mabano yenyewe yanakuambia kwamba spishi imehamishwa kutoka jenasi iliyopewa mwanzo. Yasipokuwepo, haijahama. Unapotafuta makala za zamani, tafuta kwa majina yote.

Ekdisisi ni huko kujivua gamba. Kwa nyoka utaiona ikija: rangi inafifia, macho yanakuwa kama yametiwa maziwa, kisha siku chache kabla ya kuvua yanang'aa tena. Nyoka hana kope zinazofumba. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu, nalo huvuliwa pamoja na ngozi. Kwa hiyo kagua kichwa cha gamba alilolivua, ulitazame dhidi ya mwanga: unapaswa kuona viwambo viwili vya mviringo vilivyo wazi kama kioo. Kimoja kikikosekana, yaelekea kimebaki jichoni. Usikibandue kwa kucha wala kwa koleo. Ongeza unyevu kizimbani, na kama mzunguko unaofuata nao haukukiondoa, mpeleke kwa daktari wa wanyama.

Ama kupima urefu kwa gamba, hapana. Ngozi hutoka ikigeuka ndani nje, na inavutika huku ikivuliwa, hivyo huwa ndefu kuliko nyoka mwenyewe. Mpime nyoka aliye hai, kwa uzi uliolazwa juu ya uti wa mgongo wake akiwa ametulia, kisha uupime uzi. Na uandike pembeni kama ni SVL au urefu wote.