Mshahara mnono au wodi yenye wauguzi wa kutosha?

SWALI: Nimehitimu stashahada ya uuguzi na leseni ninayo. Hospitali moja binafsi inanipa mshahara mnono, lakini usiku muuguzi mmoja huachiwa wodi nzima. Nyingine inalipa pungufu, ila wauguzi wanatosha na mgeni husimamiwa na mzoefu. Niende wapi?
Muuguzi mpya, Mbagala

JIBU: Hongera, ndugu yetu. Kabla ya kulinganisha mishahara, omba kuiona mikataba yote miwili, kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, inataka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na kazi ya usiku iongezewe asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Huenda mshahara unaouona mnono umemeza stahili hizo zote. Kwenye kila mshahara punguza pia nauli, hasa zamu ikiisha usiku na daladala zimeadimika. Uliza kama wanatoa chanjo ya homa ya ini B, na muuguzi akichomwa sindano anapata wapi dawa za kinga ya VVU, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72.

Kwa maoni yangu, kama familia haitegemei tofauti hiyo ya fedha kwa chakula na kodi, nenda kwenye wauguzi wa kutosha. Mwaka wa kwanza ndipo mkono unapozoea kazi, na kosa la dozi linalofanywa na mtu aliyechoka, asiye na wa kumuuliza, humwumiza mgonjwa kwanza, kisha huihatarisha leseni yako.